Vifo Kumi na Viwili vya Dastani Mchopa

Nguo alizofia Dastani Mchopa, karibu zote nimezishona mimi. Cherehani yangu iko Lulindi, kwenye kibaraza kinachotazama njia ya kanisani, na mtu akitaka kumjua Dastani aje kwangu, asiende kwa vijana wenye simu. Wao wanamjua kwa zile dakika mbili anazoonekana kwenye filamu kabla hajafa. Mimi namjua kwa futi ya kupimia. Kifua inchi thelathini na nane, kiuno kinachopanda na kushuka kufuata msimu wa korosho, na bega la kushoto lililolala kidogo kuliko la kulia. Hilo bega ndilo lililomlisha. Akiliinua ni afisa kilimo, akiliachia ni mlevi, akilitikisa ni mganga aliyepandwa na mashetani yasiyo na adabu.

Stelingi hakuwa hata siku moja. Kila mtoto aliyewahi kuingia kibanda cha video pale Masasi anajua kwamba stelingi hafi, na kwa kuwa Dastani hakuwahi kuwa stelingi, alikufa. Alikufa kwa sumu ndani ya uji. Alikufa kwa risasi ya bunduki ya mbao. Alikufa kwa presha, siku aliyosikia binti yake kaolewa na mtoto wa adui yake. Mara moja alikufa kwa aibu, na mimi nasema hicho ndicho kifo chake kizuri kuliko vyote, maana hakushika kifua wala hakutoa povu. Alikaa tu kwenye kiti akawa anapungua. Hadi mwaka juzi mkewe alikuwa amehesabu vifo kumi na kimoja.

Mkewe ni Veridiana, sisi tunamwita Mama Agatha. Mazoezi ya kufa yalifanyika kwake, juu ya mkeka, kati ya jiko na kabati. Mama Agatha alikuwa anamruka kwenda kuchukua chumvi, na akirudi anamruka tena. Siku moja nilikuwepo nikashtuka, akaniambia nisijisumbue, huyo atafufuka ugali ukiiva. Ugali ulipoiva akafufuka, akaomba na mboga.

Mambo yenyewe yalianzia kanisani, Ijumaa Kuu moja, Dastani akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Kwenye igizo la mateso walimpa nafasi ya Pilato kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka Pilato. Basi akanawa mikono mbele ya umati kwa utulivu wa mtu aliyetoka kula samaki, akajifuta kidole kimoja kimoja, halafu akaangalia huku na huku kana kwamba kuna mtu kamnyima sabuni. Watu walimchukia wiki mbili. Mama mmoja muuza nyanya alikataa kumuuzia, akamwambia aende akanunue kwa Kaisari. Dastani alikuja kunisimulia hayo huku meno yote nje. Nilimwambia mtu mwenye akili angeona haya, akanijibu kwamba yeye ameona kazi.

Baadaye akaingia kikundi cha sanaa kilichokuwa kinazunguka na michezo ya kuelimisha watu: malaria, ukimwi, magonjwa ya mikorosho. Walicheza Masasi, wakacheza Lukuledi, wakapanda hadi Newala na vijiji vyake. Nafasi za vijana wazuri wanaopendana zilichukuliwa na wenzake. Yeye alipewa mbu, bibi kizee, na karani mwenye mizani ya uongo. Alipomcheza karani yule Lukuledi, wakulima watatu walimngoja nyuma ya jukwaa wakitaka awaeleze vizuri, na ilibidi mwenyekiti wa kijiji aje kushuhudia kwamba huyu mtu hajawahi kuajiriwa popote.

Siri ya kazi yake ilikuwa wizi. Aliiba watu. Ukitembea njiani ukahisi kuna mtu nyuma anakanyaga pale pale ulipokanyaga wewe, na kukohoa anakohoa kama wewe, ujue ni Dastani anakuiba. Mimi aliniiba ninavyokata uzi kwa meno nikiwa na hasira, akampachika hakimu. Nilimwona hakimu yule kwenye filamu anauma kona ya karatasi kabla ya kufunga watu miaka saba, nikajitambua mwenyewe mbele ya kibanda kizima. Nilinuna mwezi. Lakini nitasema kweli, hakimu alikuwa mzuri.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana kuna mtu mmoja ambaye Dastani hakuwahi kumchekesha, na mtu huyo alimnyima raha miaka ishirini na miwili.

Anaitwa Suleimani, Mmakonde wa Mkunya, fundi wa kupulizia mikorosho dawa. Yeye na Dastani ni watani, kwa sababu ukoo wa kina Mchopa, Wamakua wa hapa Lulindi, na ukoo wa Suleimani kule juu wametaniana tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana sokoni na huruhusiwi kununa. Anakamata kuku wako mchana kweupe, halafu anakuuliza kama una pilipili. Lakini kazi yake kubwa iko msibani. Mtu akifa, mtani wake anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kikohozi chake na kusema uongo aliokuwa akiusema, mpaka wafiwa wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Hapo ndipo tunapojua kwamba aliyeondoka alionwa vizuri alipokuwa hai. Mzee asiyeigizwa amezikwa, ndiyo, lakini amezikwa kama mgeni.

Baba yake Suleimani alikuwa Mzee Dauda. Kama Mungu aliwahi kuumba mtu kwa ajili ya kuigizwa, ni yule. Alitembea na kigoda chake kwapani popote alipokwenda, kwa sababu mkeka wa watu, alikuwa anasema, una maneno. Akifika anakiweka chini, anakigonga mara tatu kwa kiganja kama anayebisha hodi, anakaa, na hajakaa sawasawa anasimama kwa kuwa kakumbuka jambo. Ukimwamkia anauliza kwanza, "Nani huyo?" hata kama anakuona, hata kama umekaa naye tangu asubuhi. Na kwa mwanawe alikuwa na lake. Suleimani alipokuwa mdogo aliwahi kuacha mbuzi bila kufunga, wakamaliza bustani ya mwalimu. Tangu siku hiyo, kila Suleimani akisema shikamoo, mzee alijibu, "Marahaba. Umefunga mbuzi?" Suleimani akaoa, akapata watoto, mbuzi wakauzwa hadi wa mwisho, na bado kila asubuhi aliulizwa kama amefunga mbuzi. Na kila asubuhi alijibu kwamba amefunga.

Mzee Dauda alifariki mwaka elfu mbili na moja, wakati mikorosho inatoa maua. Watu walijaa Mkunya kutoka pande zote, nami nilikuwepo na wanawake wa Lulindi. Wote tulikuwa tunamngoja Dastani. Alikuwa ndiye mtani, tena siku hizo jina lake lilikuwa limeanza kuvuma, na wenyewe Mkunya walikuwa wanaambiana kwamba leo mzee ataamka.

Dastani alikuja amechomekea shati. Kikundi chao kilikuwa kimepata mwalimu wa maigizo, Amon, mtu wa mikoa ya mbali, mwenye elimu na sauti ya redio. Huyu Amon alikuwa amewafundisha kwamba sanaa ni taaluma, kwamba msanii hapandi jukwaa lolote bila muswada na bila mazoezi, na kwamba kuchezacheza ovyo kwenye ngoma na misiba ni kujishusha. Amon hakuwa mtu mbaya, ila hakujua mtani ni nani, na Dastani aliyejua akajisahaulisha. Walipomletea kanzu na kigoda cha Mzee Dauda, alibaki ameweka mikono magotini, akatazama chini, akasema, "Sikujiandaa."

Mpaka leo nikikumbuka natamani kumfinya. Kanzu ikakunjwa. Wanawake wa Mkunya wakarudi kwenye vyungu vyao. Suleimani akamtazama, akasema, "Sawa. Wewe sasa ni msanii." Tokea hapo akaacha kumwita mtani. Akawa anamwita msanii, na namna alivyolitamka neno hilo, ungedhani ni jina la ugonjwa.

Dastani alijuta kabla hata hajafika nyumbani. Alirudi Mkunya mara mbili kuomba radhi. Suleimani alimkaribisha, alimchinjia kuku, alimtania kuhusu kiuno chake, na kila Dastani alipoanza kuligusa lile jambo alikatizwa kwa maneno yale yale: "Msiba haurudiwi, msanii." Na kweli haurudiwi. Huwezi kwenda kwa watu Jumanne wakiwa wanapukuchua mahindi ukawaambia kaeni chini nimwigize mzee wenu aliyekufa juzi na jana. Watani hucheza mbele ya wafiwa waliokusanyika, vyungu vikiwa motoni. Bila hivyo ni kejeli.

Akabaki kutumaini kicheko. Suleimani alihudhuria kila mchezo uliofika Newala. Alikaa mstari wa mbele, mikono kakunja, watu wakivunjika mbavu kulia na kushoto kwake, yeye hakutingishika. Dastani akitoka hapo anakuja kwangu kurudisha nguo, uso umeanguka. "Mama Claudia," aliniambia siku moja nikimpima suruali ya mchungaji mlafi, "yule akinikubali hata kwa kope, mimi nitapumzika. Dunia nzima nimeiigiza, nikamwacha baba yake." Nilimwambia asimame wima.

Filamu zikaja. Vijana wa Dar es Salaam walitaka mzee mwenye sura ya shamba, wakampata yeye, na mmoja akamwambia mwenzake. Akawa anasafiri mara moja au mbili kwa mwaka, anakufa, anarudi kupalilia mikorosho. Mwongozaji aliyempenda zaidi anaitwa Godwin, kijana mchapakazi mwenye tabia mbili ninazotaka mzikumbuke. Ya kwanza, hasumbuki kuwatungia wahusika majina. Wewe ukiwa Dastani, basi na mjomba mchoyo kwenye filamu ni Dastani. Ya pili, anakusanya simu za waigizaji wote anazizima na kuzitia ndoo, kwa sababu siku moja maiti iliwahi kuita.

Mwaka jana, mwezi wa sita, Godwin alimwita Mkuranga. Mjomba mchoyo alikuwa na sehemu nyingi safari hii, dakika kumi na moja kamili, ndipo afe na kugombewa shamba. Kifo cha kumi na mbili. Kaburi likachimbwa, jeneza likaletwa, na msalaba ukaandikwa kwa rangi nyeupe: DASTANI MCHOPA, na mwaka wake wa kuzaliwa, maana mpiga rangi alimuuliza mwenyewe na yeye akasema ukweli bila kufikiri. Juu yake wakaweka picha yake. Msichana mmoja wa kikundi, ambaye simu yake haikutiwa ndoo kwa sababu hakuwa mwigizaji, akaona mandhari inapendeza, akapiga picha, akairusha mtandaoni. Hakuandika neno, aliweka tu mshumaa.

Picha iliingia Lulindi saa mbili asubuhi kupitia kundi la wenyeji waliotawanyika mikoani. Kufika saa tatu kulikuwa na pole mia moja na kumi. Mama Agatha akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, jicho kavu, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba huyo mwanamume kafa mara kumi na moja, na kila mara amerudi na njaa. Ila nani anamsikiliza mjane? Watu walimwambia jikaze, mama, huo ni mshtuko. Nikolao, mzee wa kanisa, alijaribu kusema tusubiri taarifa kamili, na pengine angefaulu, kama watani wasingefika.

Waliteremka kutoka Mkunya kabla ya adhuhuri, lori zima, Suleimani akiwa mbele na dereva. Na kwetu huku watani wakishashuka kwenye gari, msiba upo, maiti iwepo isiwepo. Walianza hapo hapo kukamata kuku. Mchele ukatoka, maturubai yakafungwa, vyungu vikapanda motoni. Mama Agatha, ambaye huniita kwa jina langu la ubatizo, akaniambia, "Dorika, wamekwisha kula kuku wanne. Hata akiwa mzima, sasa itabidi afe."

Mimi kulia nililia. Nililia tangu saa mbili, sioni aibu kulisema. Kama saa kumi alasiri nilirudi kibarazani kwangu kuchukua kitambaa cheusi, na nikamkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, nguo za mjomba mchoyo mapajani, ndevu bado zina ile rangi nyeupe ya filamu. Alikuwa amemaliza kufa juzi yake, akapanda basi alfajiri na simu isiyo na chaji, akashukia Masasi, akachukua pikipiki moja kwa moja hadi kwangu, kwa kuwa siku zote hurudisha maleba kwanza ndipo aende nyumbani. Aliniamkia vizuri tu. Akaniuliza ni nani kafa, ameona maturubai.

Nilichukua rula yangu ya mbao nikampiga nayo begani, hilo hilo la kushoto. Lilikuwa la nyama. Nikampiga tena kwa ajili ya machozi yangu. Halafu nikamweleza.

Alisimama akimbie kwa mkewe, na hilo nampa haki yake. Nilimzuia mlangoni nikamwambia Mama Agatha haamini, hajatoa hata chozi, ila Suleimani yupo, na amekwisha kuomba koti lake. Dastani akarudi kitini. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli Suleimani atamwigiza. Nikamwambia ndiyo, anafunga vifungo.

"Yeye aniigize mimi?" alisema. "Baada ya yale?"

"Ndiye mtani wako," nikamjibu. "Yeye hasubiri kujiandaa."

Lilimwingia, nililiona likiingia. Nikampa kofia pana na kanzu kuukuu kutoka kwenye kabati langu la maleba, tukapita nyuma ya jiko, nikamkalisha kati ya wazee wa mbali wasiomjua. Mimi nikaenda kumnong'oneza Mama Agatha. Hakugeuka hata shingo. Alisema tu kwamba alishatuambia, na kwamba nimwache mtu huyo akae huko huko kidogo, kwa kuwa hata yeye anataka kuona.

Suleimani akaingia uwanjani amevaa koti la Dastani. Mtu ambaye miaka ishirini na miwili hakutingisha kope, kumbe alikuwa anatazama. Bega la kushoto lilishuka lenyewe. Alipita kati ya watu akimfuata kila mmoja na kumwiba mwendo, akamwiba Nikolao mzee wa kanisa, akaniiba mimi na uzi wangu. Alikufa juu ya mkeka, akafungua jicho moja kuangalia kama ugali umeiva. Alikaa kama Dastani anavyokaa ndani ya kibanda cha video akingoja zake dakika mbili, midomo ikimchezacheza kabla ya maneno kufika, na alipojiona akampiga kiwiko jirani aliyesinzia. Watu waligaragara. Mama Agatha alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Nikamtazama mwenye msiba wake chini ya kofia pana: mdomo wazi, kama mtu anayesomewa barua aliyodhani imepotea.

Halafu Suleimani akafanya jambo moja zaidi. Alichomekea shati la ndani ya koti, polepole, akaketi, akaweka mikono magotini, akatazama chini. Akasema kwa sauti ya Dastani kabisa, "Sikujiandaa."

Kicheko kilikatika. Waliokuwepo Mkunya siku ile walijua, na wasiokuwepo waliona nyuso za waliojua. Suleimani alibaki vile vile ameinama, na nikaona koti linatikisika mgongoni, nikajua kwamba pale hakuwa anaigiza tena. Alikuwa amekuja kumaliza ugomvi na mtu aliyedhani amekufa, na kwa umri wangu nimejua hakuna ugomvi mzito kuliko huo.

Sikumwona Dastani akiondoka alipokaa. Nilichokiona ni kigoda cha wapishi kikitoka jikoni, kiko kwapani mwa mtu.

Mzee mmoja wa Mkunya ndiye aliyemwona kwanza. Alisimama akasema taratibu, "Huyu ni Dauda." Wengine wakapaza sauti kwamba ni Dastani. Hapo msiba ukagawanyika: waliokimbia kwa sababu ya Dastani walikutana njiani na waliokimbia kwa sababu ya Mzee Dauda, na Nikolao, mzee wa kanisa, mwenye goti bovu, aliruka chungu cha wali na ndani ya chungu hakikuingia hata kiatu. Mama Agatha peke yake alibaki ameketi, akawaambia wenzake wakae chini, hajafa mtu, na wasimharibie.

Dastani hakugeuka kuwatazama. Alikuja na ule mwendo wa Mzee Dauda, mguu ukisita kidogo kabla ya kugusa ardhi, ndevu nyeupe mbele. Alifika mbele ya Suleimani, akaweka kigoda, akakigonga mara tatu kwa kiganja. Akakaa. Hajakaa sawasawa, akasimama. Bibi mmoja wa Mkunya alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akiita jina la mzee. Wale waliokimbia walikuwa wanarudi, mmoja mmoja, wakisimama pembeni mwa maturubai.

Suleimani aliinua kichwa. Alimwona mtani wake mzima wa afya, ambaye alikuwa anamlilia tangu asubuhi, na nikajua anataka kumrukia, sijui kwa kumkumbatia au kwa ngumi. Mikono ilinyanyuka kabisa. Lakini kile kigoda kilikuwa katikati yao.

"Nani huyo?" Dastani aliuliza, kwa ile sauti ya puani ya mzee, akimtazama usoni.

Suleimani alikuwa na miaka hamsini na minane, na wajukuu sita. Alivua lile koti, akalikunja, akaliweka kando. Akafuta uso kwa kiganja.

"Ni mimi," akasema. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefunga mbuzi?"

"Nimefunga, baba," Suleimani akasema, na hapo hapo akaanza kucheka, kicheko ambacho Dastani alikuwa amekingoja kwenye viwanja vyote vya Newala, kikamshinda hadi akashikilia miguu ya kigoda. Tukakaa, tukapakuliwa, tukala wali wa msiba wa Mzee Dauda wa Mkunya, na kuku walikuwa watamu.